Shahidi wa Pili

Mwaka jana familia yetu ilipiga baragumu mara mbili. Mara ya kwanza alipiga baba yangu, peke yake, shambani kwake Msimbu, wilaya ya Kisarawe. Mara ya pili tulipiga sisi, uani kwetu Mkuza, Kibaha, jioni iliyofuata. Majirani wa Mkuza hawakushtuka. Walishazoea kwamba kila mwaka, kabla mvua za vuli hazijaanza, nyumba yetu hutoa mlio wa ajabu, kisha watu wake hufunga, kisha hujenga kibanda cha makuti uani na kulala humo wakati nyumba ya matofali iko pale pale. Baragumu letu la pembe lilipasuka zamani, kwa hiyo watoto wangu hupuliza lile la plastiki la mpirani, na vijana wa mtaani hutoka nje kuuliza nani kafunga goli. Jirani yangu wa kushoto, mama wa Kiislamu ambaye watoto wake hushinda kwetu, aliwahi kuniambia kwa upole kwamba kama ni shida ya joto, Mlandizi kuna feni za bei nafuu.

Si shida ya joto. Ni sikukuu zilizoandikwa kwenye Maandiko, na baba yangu alizisoma akiwa kijana, akaamini kwamba zilikuwa zinamhusu. Mwezi wa saba wa hesabu ile ya kale ukiandama, hiyo ni Sikukuu ya Baragumu. Siku ya kumi ya mwezi huo ni Siku ya Upatanisho, ambayo tunafunga bila chakula wala maji, tangu jua linapozama mpaka linapozama tena. Siku ya kumi na tano inaanza Sikukuu ya Vibanda, wiki nzima. Baba alizaliwa Upare, katika kanisa la Wasabato wenye msimamo, na alitoka humo kwa ajili ya sikukuu hizi. Hakugombana na mtu. Aliaga, akashukuru, akaanza kuzishika nyumbani na mama yangu. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, akihamishwa hamishwa, na kila kota ya serikali tuliyokaa ilijengewa kibanda nyuma. Hatukuwa na kanisa wala kikundi. Tulikuwa sisi tu.

Ugumu wote ni mwezi. Baba hakubali tarehe za kalenda. Anasema kalenda inachapwa Dar, mwezi hauchapwi popote. Lazima mtu asimame nje jioni, auone kwa macho yake, ndipo hesabu ianze. Nilipoajiriwa hapa Kibaha nilipata tabu kuomba ruhusa kazini. Bosi aliniuliza unataka siku ipi, nikamwambia ama Jumanne ama Jumatano, inategemea mwezi. Mfanyakazi mwenzangu aliyevaa hijabu yake vizuri aliinua uso kutoka kwenye kompyuta akasema, "Dada, una uhakika wewe ni Mkristo?" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, na ruhusa nikapewa.

Na haitoshi mtu mmoja auone. Miaka thelathini mahakamani ilimwingia baba mwilini, na Maandiko yakamuunga mkono: neno lithibitishwe na mashahidi wawili. Kwa hiyo mashahidi walikuwa yeye na mama. Walisimama bega kwa bega wakitazama magharibi, sisi watoto tumekaa nyuma tumenyamazishwa. Mama alikuwa akisema, "Naona kitu pale, juu ya mnazi," na baba anaangalia, anangoja kidogo, anasema, "Nami nimeuona." Hapo baragumu linapigwa. Nimekua nikiamini kwamba hivyo ndivyo mwaka unavyogeuka, kwa wazazi wawili kukubaliana.

Mama alifariki mwaka juzi, masika yakiisha. Tulimwomba baba aje akae nasi Mkuza, akakataa. Shamba lile alilinunua alipostaafu, mihogo yake iko pale, mikorosho yake iko pale, na kaburi la mama liko pale. Mwaka ule wa msiba mawingu yalitanda jioni zote mbili za kuutafuta mwezi, hatukuona kitu, tukahesabu siku tu bila ugomvi. Kwa hiyo mwaka jana ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa kutafuta mwezi bila mama.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Sikukuu ndizo pekee zilizokuwa zinamtoa baba Msimbu. Wakati wa Vibanda alikuja kwetu wiki nzima, akalala kibandani na wajukuu, akala vizuri, akakohoa mbele ya watu wanaosikia. Siku nyingine zote alikuwa peke yake na simu ndogo ya batani. Kama angeanza kushika sikukuu kwa hesabu yake na sisi kwa yetu, wiki hiyo ingekufa, na yeye angebaki kule moja kwa moja. Mtu wa zaidi ya miaka sabini na tano hapaswi kubaki hivyo, hata kama anataka.

Jioni ile tulikwenda Msimbu wote, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, Mkatoliki wa kuzaliwa, ambaye alinioa pamoja na vibanda vyangu na hajawahi kulalamika. Huwa anajiita mgeni aliye ndani ya malango. Anafunga nasi, anakata makuti, lakini kwenye mambo ya mwezi hasemi kitu. Anasema hayo ni ya ukweni.

Tulisimama nyuma ya nyumba, mahali ambapo shamba linateremka na magharibi yote iko wazi. Anga ilikuwa safi. Bibi mmoja wa Kizaramo, jirani wa baba, alipita njia ya shambani na mzigo wake wa kuni, akatuona tumejipanga.

"Leo hauandami huo," alisema. "Msijichoshe."

"Ahsante, bibi," baba akajibu. "Tunaangalia wenyewe."

Tukaangalia. Jua likazama, wekundu ukapungua, nyota moja ikatoka. Nilipekua anga ile kipande kwa kipande kama mtu anayechambua mchele. Hakuna aliyesema neno. Baba alikuwa amesimama wima kando yangu, mahali pake pale pale pa siku zote, mikono nyuma. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole.

"Ule pale," akasema.

Nilifuata kidole chake. Kilikuwa kinaonyesha anga tupu.

"Wapi, baba?"

"Pale. Fuata kidole. Umeuona?"

"Sijauona."

"Angalia vizuri, mama." Baba huniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Naangalia vizuri. Hakuna kitu."

"Hata mimi sioni, babu," akasema binti yangu wa miaka saba, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Baba akamgeukia mume wangu. "Mkwe wangu, wewe je?"

"Mzee, mimi macho yangu haya ya kusahihisha madaftari," mume wangu akasema, akarudi nyuma hatua moja. Nilitamani kumfinya.

Ningeweza kusema nimeuona. Lilinijia, sikatai. Lakini baba huyu huyu ndiye aliyenifundisha kwamba shahidi hasemi alichoambiwa, anasema alichoona, na alinifundisha kwa fimbo ya mpera. Isitoshe, nina kichwa kigumu. Nikarudia kwamba sijauona.

"Mimi nilikuwa naangalia mwezi huu kabla hujazaliwa," baba akasema. Sauti yake haikupanda. Baba akikasirika huwa anazidi kuwa rasmi. "Basi. Mimi nimeuona na nitashika siku. Nyinyi shikeni mnavyoona nyinyi."

Akaingia ndani, akatoka na lile baragumu la zamani lililopasuka, akalipuliza hivyo hivyo. Likatoa mlio wa kukwama, wa aibu. Tukapanda gari tukarudi Kibaha. Njiani mume wangu alinionyesha simu yake. Kuna mahali wanaandika mwezi unazama saa ngapi. Siku ile ulikuwa umezama kabla ya jua. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuuona, si Msimbu wala popote.

"Usimwambie," mume wangu akasema.

Sikumwambia. Ila nilikasirika usiku kucha, kwa sababu nilijua sasa kwamba baba yangu, karani wa mahakama, alikuwa amesema uongo mbele ya wajukuu wake.

Jioni iliyofuata tuliuona kutoka uani kwetu, mwembamba, umelala chali juu ya paa la jirani. Watoto wakapiga kelele, jirani mwenyewe akatoka akauona, akasema mashallah. Tukapuliza baragumu letu la plastiki. Nikampigia baba.

"Umeandama, baba. Tumeuona wote."

"Huo ni wa siku ya pili," akasema. "Niwatakie sikukuu njema." Akakata.

Kwa hiyo hesabu ya baba ikawa mbele ya yetu kwa siku moja. Zikafuata zile siku ambazo kwa kawaida ni za kupatana. Baba alikuwa na desturi ya kunipigia kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, ili asikie shikamoo yangu na kuuliza watoto wameamkaje. Hakupiga. Nami sikupiga. Nilimtuma mume wangu ampigie, akarudi na jibu kwamba mzee ni mzima. "Mnafanana mpaka mnavyonuna," akaniambia. Binti yangu aliuliza kama babu atakuja kulala kibandani, nikamwambia kula chakula chako.

Nilivyozidi kukaa kimya ndivyo nilivyozidi kumkumbuka mama. Mama aliongeza kitu kimoja kwenye sikukuu zetu ambacho hakimo kwenye Maandiko, na baba alikinung'unikia kila mwaka na kukifuata kila mwaka. Mchana wa kuamkia Upatanisho, kabla jua halijazama na kufunga kuanza, waliogombana ndani ya nyumba walikula sahani moja. Hakukuwa na hotuba wala maswali ya nani alianza. Sahani moja, vijiko viwili, mnakula mpaka inaisha. Mimi na kaka yangu tulikula sahani nyingi za namna hiyo utotoni. Ukiwa na hasira na mtu halafu anakuachia kipande cha nyama upande wako, hasira inakosa pa kukaa.

Basi siku ya kuamkia Upatanisho niliomba ruhusa, nikaamka mapema nikapika makande. Hicho ndicho chakula cha kwao baba. Mimi nayaunga kwa nazi kama watu wa huku, naye husema kila mara kwamba makande ya Kipare hayana nazi, halafu anaongeza. Nikayatia kwenye hotpoti, nikaifunga kwa kanga, nikapanda gari hadi Kisarawe mjini na kutoka hapo bodaboda mpaka Msimbu. Nilipanga maneno njiani. Yote yalikuwa mazuri na yote yalikuwa yananipa haki mimi.

Tulifika jua likiwa limeanza kupoa. Baba alikuwa amelala barazani kwenye mkeka. Aliposikia pikipiki akajiinua akakaa.

"Nani?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa.

"Shikamoo baba."

"Ah! Marahaba, mama." Uso ukamfunguka, na hapo hapo nikaona midomo yake imekauka mpaka imepasuka. Mwenye bodaboda, mwanaume mnene mwenye koti la kung'aa, alikuwa nyuma yangu akishusha mzigo. Akamwamkia baba naye.

"Marahaba, mkwe wangu," baba akasema. "Mbona umesimama? Karibu ukae."

Mwenye bodaboda akanitazama. Mume wangu ni mwembamba na mrefu, na hajavaa koti la kung'aa maisha yake yote. Nikamlipa yule bwana akaondoka, na baba akauliza mkwe anaenda wapi tena.

Nikafungua hotpoti haraka, kama mtu anayetaka kufanya kitu chochote, na harufu ya makande ikatoka. Baba akageuza uso pembeni.

"Leo, mama?" akasema polepole. "Umeniletea chakula leo?"

Ndipo nikakumbuka. Kwangu ilikuwa siku ya tisa, siku ya kuamkia. Kwa hesabu yake ilikuwa siku ya kumi. Alikuwa amefunga tangu jana jua lilipozama, bila hata maji, na mimi nilikuwa nimesafiri nusu ya mkoa kumwekea makande ya nazi puani. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja tu, ya kwangu.

Nikafunika hotpoti, nikaomba radhi, nikaichukua kuipeleka jikoni. Jiko la baba ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Nilipozunguka kona nikajigonga tumboni kwa kamba.

Ilikuwa kamba ya katani, imefungwa kwenye nguzo ya baraza, imenyooka mpaka mlango wa jiko, na kutoka jikoni imeendelea mpaka chooni. Ilikuwa imekazwa usawa wa kiuno. Katikati, mahali mkono unapopita, ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi kwa kushikwa. Niliishika nikaifuata nikiwa nimefumba macho. Ilinifikisha chooni bila kujikwaa. Nilikaa pale mlangoni pa choo nikalia kidogo, kisha nikajipangusa kwa kanga ya hotpoti nikarudi barazani.

"Baba, ile kamba ni ya nini?"

"Ya kuanikia nguo."

"Mbona iko kiunoni?"

"Nguo zangu ni fupi."

Nilicheka, hata kama sikutaka, naye akacheka, akakohoa kwa ukavu wa koo. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye na kumtazama machoni kama ambavyo hatuwatazami wazazi. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe, zote mbili. Daktari yeyote wa macho angeniambia ni mtoto wa jicho kabla hajavaa miwani yake.

"Tangu lini, baba?"

"Lilianza la kushoto. Tulipohamia hapa. La kulia likafuata."

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyekuwa anauona mwezi," akasema. "Mimi nilikuwa nasema tu nami nimeuona. Miaka yote hii ya hapa. Tulikuwa na shahidi mmoja." Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini sana, akiwa amekaa wima. "Mahakamani nimeona kesi zikifutwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilitaka kumwambia Mungu leo. Nimekuwa namwambia tangu asubuhi."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu sikukuu hizo, kwamba mama alikuwa na macho ya mwewe na hakuwahi kukosea. Lakini hasira yangu ya siku kumi ilikuwa bado inataka kitu chake.

"Sasa mbona juzi ulisema umeuona?"

Baba alipapasa mkeka, akaupata ukingo wake, akaushika.

"Nilingoja mtu aseme kitu," akasema. "Mama yako alikuwa anasema, naona kitu pale. Nikangoja. Hakuna aliyesema. Nikaona basi, imebidi niseme mimi."

Nilishindwa kumwangalia. Niligeuka nikatazama shamba, mikorosho, kaburi la mama lenye saruji mpya. Nilikuwa nimesimama kando yake jioni ile, nimekunja mikono, nikimhukumu moyoni, naye alikuwa anasikiliza giza akimngoja mkewe.

"Sikusema kwa sababu haukuwepo, baba," nikamwambia hatimaye. "Ungekuwepo ningesema. Ningesema wa kwanza."

"Haukuwepo?"

"Ulitangulia kuzama. Tumeuona kesho yake."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama anayesikiliza hukumu ikisomwa na kuiona ni ya haki. "Basi Upatanisho ni kesho," akasema. "Nitafunga nanyi kesho."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Kufunga kwake kungekwisha jua likizama, na kwetu kungeanza jua hilo hilo likizama. Kati ya siku yake na siku yetu hapakuwa na nafasi ya kumeza hata maji. Alikuwa anataka kuunganisha siku mbili, kwa umri ule, kwa midomo ile. Namjua baba. Angeweza kufanya hivyo bila kulalamika, na kesho kutwa yake tungempeleka hospitali, kama tungemkuta anapumua.

"Kula kwanza," nikasema. "Jua halijazama."

"Leo nimefunga."

"Leo siyo siku yenyewe. Umesema mwenyewe."

"Nimeshaitamka, mama. Siwezi kutamka siku ya Mungu halafu nile mchana wake. Nikikila hicho chakula nitakuwa nimesema nini?"

Sote tulijua angekuwa amesema nini. Kijiko kimoja cha makande kabla jua halijazama kingekuwa kinasema: sikuuona mwezi, sioni. Kunieleza mimi barazani ni jambo moja, na kumeza chakula ni jingine. Ndiyo maana alikuwa tayari kukaa na njaa siku mbili. Angefunga kesho kwa ajili ya ukweli, na leo angeilinda kwa ajili yake mwenyewe.

Nikaona nikimbembeleza kama mtoto nitampoteza. Nikaongea naye kwa lugha yake.

"Uliitamka kwa mashahidi wangapi?"

Akakunja vidole juu ya goti.

"Mwezi ulishuhudiwa na nani, baba?"

"Hakuna," akasema.

"Bila shahidi kuna mwezi mpya?"

"Hakuna."

"Bila mwezi mpya kuna siku ya kumi?"

Akainamisha kichwa, na mimi nilikuwa najichukia kwa kumhoji mzee mwenye njaa kama mshitakiwa. Lakini niliendelea, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na sikuwa na njia nyingine.

"Basi leo ni siku ya tisa," nikasema. "Ni siku ya kawaida tu. Hujafunga. Umechelewa kula, basi. Na mimi nimekuja kwa sababu tumegombana, na leo ni siku ya sahani moja. Mama angekuwepo angekuwa ameshapakua."

Upepo ulikuwa umetulia. Kule njiani bibi wa Kizaramo alikuwa anawaita mbuzi wake kwa majina ambayo sijui ameyatoa wapi. Baba alikaa vile vile, uso ameuelekeza magharibi kwa mazoea tu, na mwanga ulikuwa unampiga machoni bila kumfanya akunje uso. Nilihesabu kwamba nikinyamaza na jua likazama, hatajua, na hatauliza, na tutaingia usiku huo akiwa na siku nzima nyingine mbele yake.

"Jua liko wapi?" akauliza.

Hajawahi kuniuliza kitu cha namna hiyo. Hajawahi kumuuliza mtu.

"Liko juu ya mikorosho. Limebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha kutosha kula, kama hatutabishana."

Akavuta pumzi ndefu akaitoa. Kisha akanyoosha mikono yake miwili mbele, juu ya mkeka, viganja vikiwa wazi.

"Ninawishe," akasema.

Nikakimbia kuleta maji na beseni. Nikammiminia mikononi, na alipomaliza kunawa nikampa kikombe, akanywa kwa mafunda madogo madogo, anapumzika, anaendelea. Nikapakua makande kwenye sahani moja nikaiweka katikati yetu, nikamwekea kijiko mkononi na kuugusisha mkono wake kwenye ukingo wa sahani ajue ilipo. Hakukataa. Alikula kijiko cha kwanza akakaa nacho mdomoni muda mrefu, machozi yakamshuka bila sauti, akameza.

"Umetia nazi," akasema.

"Nimetia."

"Makande ya kwetu hayana nazi."

Akachota tena. Nilikuwa namsogezea maharage upande wake, naye alikuwa anasikia kijiko changu kinavyogonga sahani na kunirudishia. Katikati ya kula akasimamisha mkono.

"Mama."

"Abee, baba."

"Utaniambia likizama."

"Nitakuambia."

"Usinionee huruma ukanizidishia."

"Sitakuzidishia."

Nikaacha kula, nikageuka kuliangalia jua. Nyuma yangu nilikuwa nasikia anakula kwa utulivu, kama mtu ambaye hana tena haja ya kuharakisha wala kukisia. Jua liligusa miti, likakatika nusu, likabaki utepe mwekundu, na utepe ule ukaisha.

"Limezama, baba."

Kijiko kilikuwa kimejaa, kiko njiani kwenda mdomoni. Akakirudisha kwenye sahani bila kugeuza uso, akafunga.